Unguja hadi Maskati: namna ya kupiga hesabu ya umbali, muda na saa ya kufika

Mteja akishaketi mbele yangu, swali la kwanza karibu siku zote ni hili: "Dada, Maskati saa ngapi?" Nina miaka kumi na sita nakata tiketi hapa Darajani, na mwanzoni nilikuwa nalijibu haraka haraka: "Saa tano." Siku hizi silijibu mpaka na mimi nimeuliza, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili. Kuna saa ngapi za safari, yaani muda wa kukaa ndani ya ndege. Na kuna saa ngapi ya kufika, yaani mshale utakuwa wapi ukitia mguu kule. Nikisema "saa tano", mmoja anafahamu muda, mwengine anafahamu saa tano ya asubuhi na anampigia nduguye simu. Mama mmoja alikaa juu ya begi lake pale kiwanja cha ndege cha Maskati, Oman, tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, mpokeaji wake hajatoka hata nyumbani, kwa jibu langu hilo la neno moja.

Basi nitakuonesha ninavyopiga hesabu hizi, kwa safari hii ninayoijua kuliko zote. Ukiishika, safari nyingine utaiweza.

Anza na umbali. Unaweza kuandika majina ya miji miwili kwenye simu ukapewa jibu, na hakuna ubaya. Lakini napenda mtu ajue jibu linatoka wapi, ili siku simu ikimdanganya ashtuke. Kila mji una anuani yake juu ya dunia. Kiwanja chetu cha Abeid Amani Karume, pale Kiembesamaki, kipo nyuzi 6 na dakika 13 kusini ya Ikweta, na nyuzi 39 na dakika 13 mashariki. Kiwanja cha Maskati, kilichopo upande wa Sib, kipo nyuzi 23 na dakika 35 kaskazini, na nyuzi 58 na dakika 17 mashariki. Dakika hizi si za saa. Kila nyuzi moja imegawiwa vipande 60, na kila kipande ndiyo dakika.

Sasa tazama. Sisi tupo kusini ya Ikweta, wao wapo kaskazini. Kwa hiyo hapa hutoi, unajumlisha: 6 na dakika 13, ukiongeza 23 na dakika 35, unapata nyuzi 29 na dakika 48. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanatoa, na Maskati inasogea karibu kwa zaidi ya kilomita elfu. Zigeuze zote ziwe dakika: 29 mara 60, ongeza 48, ni 1,788. Mabaharia walitupunguzia kazi zamani, maana dakika moja ya kwenda kaskazini au kusini ndiyo maili moja ya baharini, na maili hiyo ni mita 1,852. Tuna maili 1,788 za kupanda juu.

Bado kuna za kwenda mashariki. Hapa unatoa, kwa kuwa miji yote miwili ipo upande mmoja: 58 na dakika 17, toa 39 na dakika 13, inabaki 19 na dakika 4, sawa na dakika 1,144. Lakini dakika za mashariki hazina upana mmoja kila mahali. Mistari hiyo inakaribiana kadiri unavyoiacha Ikweta, kama vipande vya chungwa lililomenywa: vinene katikati, vyembamba kwenye ncha. Safari yetu inapita karibu na Ikweta, kwa hiyo kinachopungua ni kidogo. Zidisha kwa 0.99 tu, upate kama maili 1,133. (Namba hiyo ni kosaini ya latitudo ya katikati ya safari, karibu nyuzi 9. Mwenye kikokotoo cha skuli ataipata.)

Mwisho ni kanuni ya Pythagoras, ile ya pembetatu tuliyoisoma sote. 1,788 kwa yenyewe, ongeza 1,133 kwa yenyewe, tafuta kipeuo cha pili: maili 2,117. Zidisha kwa 1.852, unapata kilomita 3,920 hivi. Vikokotoo vya mtandaoni, ambavyo vinafuata mviringo wa dunia barabara, vinatoa kiasi cha 3,900. Kilomita ishirini zilizozidi ndege inazimaliza kwa dakika moja na nusu. Mara ya kwanza nilipoipata hesabu hii kwa kalamu, nyuma ya risiti, nilifurahi kama mtoto. Ila usiitumie kwa London wala Toronto. Huko mbali na Ikweta mviringo wa dunia unaonekana, na pembetatu ya kwenye karatasi itakupoteza. Huko tumia kikokotoo.

Jambo moja zaidi kuhusu umbali. Kilomita 3,900 ni za mstari ulionyooka kutoka kiwanja hadi kiwanja. Ndege ina njia zake za anga, inakunja hapa na pale, na inazunguka kidogo ili ijielekeze kwenye njia ya kutua. Mimi huongeza mia moja, ninapiga hesabu kwa 4,000.

Sasa muda. Ndege zinazokwenda moja kwa moja njia hii aghalabu ni zile zenye ujia mmoja katikati, viti vitatu kulia na vitatu kushoto, mfano Boeing 737. Ikishakaa sawa juu, inakwenda kiasi cha kilomita 830 kwa saa. Gawa 4,000 kwa 830: saa 4 na dakika 49. Kurasa nyingi za mtandaoni zinaishia hapo, ndiyo maana unaona zimeandika "chini ya saa tano" na tiketi yako inasema vyengine. Zimesahau kwamba ndege hailali angani. Inatoka kwenye maegesho, inajikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inapanda kwa mwendo mdogo, na kule inashuka polepole. Ongeza nusu saa kwa hayo yote. Jumla ni saa 5 na dakika 20 hivi, na huo ndio muda utakaoukuta kwenye ratiba, kwa sababu ratiba inahesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kabisa upande wa pili.

Watu wananiuliza pia kuhusu upepo, kwamba kurudi ni kufupi kwa sababu upepo unasukuma. Kwa wanaovuka bahari baina ya Ulaya na Marekani ni kweli kabisa, upepo wa juu kule unavuma kutoka magharibi, na kwenda na kurudi kunatofautiana hata saa nzima. Safari yetu sisi inakwenda zaidi kaskazini na kusini, upepo huo unaipiga ndege ubavuni, kwa hiyo tofauti ni ya dakika chache tu. Waliotegemea upepo kweli ni wazee wetu wa majahazi. Babu yangu mzaa mama alikuja kwa jahazi na kaskazi, ule upepo wa kuanzia Disemba hadi Machi, na waliokuwa wakirejea Arabuni walingoja kusi. Upepo ukiwa mzuri ni wiki tatu hadi mwezi baharini. Usipokuwapo, hakuna safari. Kila nikiandika "5:20" kwenye karatasi ya mtu humkumbuka.

Kurudi kunaonekana kufupi kwa sababu ya saa, wala si upepo. Na hapa ndipo penye kazi.

Una saa tatu za kuzichunga: saa ya Kiswahili kichwani mwako, saa ya tiketi, na saa ya Maskati.

Tiketi inahesabu kuanzia saa sita usiku, ambayo kwake ni 00:00, hadi 23:59. Kuibadili kuwa saa yetu, fuata sita. Ikiwa ni 07:10, toa sita: saa moja na dakika kumi, asubuhi. Ikiwa ni 14:20, toa sita inakuwa nane: saa nane na dakika ishirini, mchana. Ikiwa ni 18:40, toa sita inakuwa kumi na mbili: saa kumi na mbili na dakika arubaini, jioni. Ukivuka hapo utapata zaidi ya kumi na mbili, basi toa kumi na mbili nyengine: 21:00 ni kumi na tano, inabaki tatu, saa tatu usiku. Na zile za usiku mkubwa na alfajiri, chini ya 07:00, unaongeza sita badala ya kutoa: 00:50 ni saa sita na dakika hamsini usiku, yaani saa saba kasoro dakika kumi. Mteja wangu nampa tiketi nne tano za mfano azibadili mbele yangu. Zinachukua dakika mbili, na zinaokoa nauli.

Halafu saa ya Maskati. Wao wapo saa moja mbele yetu, mwaka mzima, kiangazi na masika, maana sisi wala wao hatusogezi saa. Na kila saa iliyochapwa kwenye tiketi ni saa ya mji ule ulioandikwa pembeni yake. Chukua mfano: inaondoka Unguja 00:50, inafika Maskati 07:10. Mtu akitoa moja kwa moja anapata saa 6 na dakika 20, anasema ndege hii inakwenda polepole. Toa saa moja ya tofauti: 5:20. Kurudi, inaondoka Maskati 14:20, inafika Unguja 18:40. Anapata saa 4 na dakika 20, anasema upepo umesukuma. Ongeza saa moja: 5:20 ile ile. Kwenda unatoa, kurudi unaongeza. Ukipata jibu moja pande zote mbili, au karibu moja, ujue hesabu yako imenyooka.

Bado siku. Hili nalisema polepole, kwa sababu lilinifundisha kwa gharama ya mtu mwengine. Mwaka wangu wa pili kazini kijana mmoja alikata kwangu tiketi ya kwenda kwenye harusi ya dada yake. Tiketi: Ijumaa, 00:50. Nikamwambia kwa mdomo, "Ndege yako Ijumaa usiku." Akaja kiwanjani Ijumaa baada ya Isha, kavaa vizuri, ana halua na boksi la zawadi. Ndege ilikuwa imeondoka karibu saa ishirini nyuma. Ndoa ya dada yake ilifungwa hayupo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa kalenda ya tiketi inaigeuza siku saa sita ya usiku. Dakika hamsini baada ya Alhamisi kwisha, kwake ni Ijumaa tayari, na yeye kijana alitakiwa awe kiwanjani Alhamisi. Kaunta nyingi zinafungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Maana yake, kaunta ya ndege hiyo ya Ijumaa ilifungwa saa tano na dakika hamsini, Alhamisi.

Wazee wetu mara nyingi hili hawalikosei, na nilichelewa kufahamu kwa nini. Kwao siku inaanza Magharibi. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule wa kuamkia Ijumaa, baada ya jua la Alhamisi kuzama. Kwa ndege ya 00:50 yeye na tiketi wanakubaliana. Wanaachana kwenye ndege ya mapema zaidi, tuseme ya 22:30: tiketi itasema Alhamisi, mzee atasema usiku wa Ijumaa, na wote wana haki. Vijana ndio waliochanganya, wanasema "Ijumaa usiku" na "usiku wa Ijumaa" kama kitu kimoja. Kwa hiyo mimi sitaji tena usiku peke yake. Nataja siku ya kutoka nyumbani, na jua lilipo: "Alhamisi, jua likishazama, usiku huo huo."

Kuna wanaoniuliza habari ya Alfajiri ndani ya ndege. Hukumu ya sala waulize masheikh. Mimi nawaeleza jua tu. Dunia inageuka nyuzi 15 kwa saa, na baina yetu na Maskati mna nyuzi 19 za kwenda mashariki, kwa hiyo kwa hesabu hiyo jua linawafikia mapema kwa saa moja na dakika kumi na sita. Lakini kuna msimu pia, maana wao wapo kaskazini na sisi kusini. Mwezi wa Juni jua linachomoza kule saa mbili na zaidi kidogo kabla ya kuchomoza Unguja; mwezi wa Disemba ni kama dakika ishirini tu. Ukisafiri usiku Juni, usitegemee saa yako ya mkononi ya nyumbani. Kaa dirishani upande wa kulia ukienda, ndio wa mashariki, uangalie upeo.

Sasa safari nzima, mlango kwa mlango, kwa sababu hakuna anayelala kiwanjani kwa furaha. Tuseme bi mkubwa anatoka Bububu anakwenda kwa mwanawe Nizwa, mji mwengine wa Oman. Ndege ni ile ya 00:50. Nataka awe kiwanjani saa tatu kabla, maana msafara wa kwenda Maskati una mizigo, kuna maboksi ya embe na karafuu za kupimwa, kuna jamaa ishirini wa kuagana. Kwa hiyo kiwanjani saa nne kasoro dakika kumi usiku, na kutoka Bububu saa tatu. Anaruka, anafika 07:10 ya Maskati. Uhamiaji na kungoja begi kwenye mkanda, mpe saa moja. Kisha gari mpaka Nizwa, kiasi cha saa moja na nusu. Anabisha hodi kwa mwanawe saa nne kasoro dakika ishirini ya asubuhi, ya huko. Kwetu ni saa tatu kasoro dakika ishirini. Hesabu tangu saa tatu usiku: saa 11 na dakika 40. Angani kakaa chini ya nusu yake. Ndiyo maana simwambii mtu wa miaka sabini kwamba Maskati ni saa tano. Atakula kidogo, atasahau dawa ya sukari, kwa kuwa nimemwambia saa tano.

Anayetoka Pemba, aje Unguja siku moja kabla. Boti ikiahirishwa kwa hali ya bahari hakuna hesabu itakayokusaidia.

Na wenye kupitia mji mwengine kwa kutafuta nauli nafuu: umbali hauongezeki sana, muda ndio unaongezeka. Unguja hadi Doha ni kilomita 3,750 hivi, na Doha hadi Maskati kama 700. Jumla 4,450, yaani 550 tu zaidi ya kwenda moja kwa moja. Lakini sasa unaruka mara mbili na kutua mara mbili, na katikati unangoja, mara saa mbili, mara saa tisa. Usizitazame saa za kila kipande peke yake. Tazama saa ya kuondoka Unguja na saa ya kufika Maskati, toa, kisha ondoa ile saa moja. Doha saa yao ni sawa na yetu, kwa hiyo saa moja hiyo inabadilika kwenye kipande cha pili. Na ukiona alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika, unafika siku inayofuata. Mpokeaji ajue tarehe, si saa tu.

Kwa mpokeaji huwa natoa tahadhari moja. Ndugu zetu wa kule Kiswahili chao ni chetu, lakini wengi saa wameshazoea kuihesabu kama tiketi. Ukimwambia "nafika saa moja asubuhi", mmoja atakuja 07:00, mwengine atafikiri 01:00, akeshe. Mwandikie tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, na umwambie ni za Maskati.

Baada ya yule kijana wa harusi, kila mteja wangu anaondoka na karatasi ndogo, mbali na tiketi. Ina mistari mitatu kwa mkono wangu: siku na saa ya kutoka nyumbani, kwa Kiswahili, saa ya kufika kwa tarakimu, na neno "Maskati", na saa hiyo hiyo kwa saa ya Unguja, kwa wanaobaki nyumbani kungoja simu. Sitaki aniambie amefahamu. Nataka anirudishie kwa maneno yake. Wiki iliyopita bibi mmoja wa Bububu aliichukua karatasi, akaikunja bila kuisoma, akaitia kwenye mkoba. Nikamuuliza, "Bibi, basi unatoka lini?"

"Alhamisi. Nikishasali Isha, nikishakula, natoka. Na mwanangu nimwambie aje 07:10 ya kwao."

Nikamgongea muhuri risiti yake.